Basi litakalotangulia: Dijkstra kwenye kituo chenye ruti nyingi

Abiria amesimama kituo A, anataka kufika B. Ratiba hana, wala hajui basi gani liko karibu. Anachojua ni ruti zinazopita pale, kila moja hungojwa kwa wastani wa dakika ngapi, na safari yake huchukua muda gani. Apande lipi?

Kisa hiki kilichapishwa mwaka 1989 na Heinz Spiess na Michael Florian wa Montréal, Kanada, katika jarida la Transportation Research. Kina vituo vinne na ruti nne tu. Hesabu yake yote inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ndiyo maana nakipenda. Grafu ni nodi (hapa, vituo) na viungo vinavyoziunganisha mbili mbili; hipagrafu ni grafu ambayo kiungo kimoja kinaweza kugusa nodi nyingi. Mtu akikutana nayo kwa mara ya kwanza, swali lake huwa moja: je, algoriti ya Dijkstra, ile ya kutafuta njia fupi kwenye grafu ya kawaida, inafanya kazi humu? Akijibiwa "inategemea", anaondoka mikono mitupu. Hapa anaweza kuona inategemea nini hasa, kwa namba anazoweza kuzipiga mwenyewe.

Ruti zenyewe ni hizi:

Ruti ya 1 hutoka A moja kwa moja hadi B kwa dakika 25. Hungojwa wastani wa dakika 6.
Ruti ya 2 hutoka A hadi X kwa dakika 7, kisha X hadi Y kwa dakika 6, na inaishia hapo. Hungojwa dakika 6.
Ruti ya 3 huanzia X, dakika 4 hadi Y, na dakika 4 nyingine hadi B. Ni ya haraka lakini adimu: hungojwa dakika 15.
Ruti ya 4 hutoka Y hadi B kwa dakika 10. Hungojwa dakika 3.

Jibu la grafu ya kawaida

Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, alibuni algoriti yake Amsterdam mwaka 1956 na kuichapisha 1959. Alihitaji kitu cha kuonyesha uwezo wa kompyuta ya ARMAC, akachukua ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Kwenye ramani ya namna ile, barabara ni ahadi: ukiishika, unajua utatokea mji gani. Kila kiungo kina mwanzo mmoja na mwisho mmoja.

Tukilazimisha kisa chetu kiingie humo, tunageuza kungoja kuwa sehemu ya uzito wa kiungo, yaani dakika zinazohesabiwa kukipita. Ruti ya 1 peke yake: 6 + 25 = 31. Ruti ya 2 hadi Y kisha ruti ya 4: 6 + 13 + 3 + 10 = 32. Ruti ya 2 hadi X kisha ruti ya 3: 6 + 7 + 15 + 8 = 36. Ruti ya 2 hadi Y kisha ruti ya 3: 6 + 13 + 15 + 4 = 38. Dijkstra itarudisha 31 na kumwambia abiria angoje ruti ya 1.

Hakuna kosa la hesabu hapo. Kosa liko kwenye swali. Tumemlazimisha abiria achague basi moja kabla hajafika kituoni, na basi la ruti ya 2 likitangulia aliache lipite, ati kwa sababu "njia fupi" imesema 31 na siyo 32. Mtu yeyote aliyewahi kungoja daladala au matatu mahali panapopita ruti mbili za kumfikisha anakokwenda anajua hilo halifanyiki. Anapanda linalotangulia. Swali gumu zaidi, ambalo nalo analijibu kila siku bila kalamu, ni lipi aliache hata kama limetangulia.

Hipagrafu za jina tu

Kabla hatujaendelea, tuondoe jambo moja linalochanganya watu. Wengi wanaposikia hipagrafu na usafiri wa umma pamoja, huchukua kila ruti kama seti ya vituo vyake, kisha wanauliza njia fupi kutoka kituo hadi kituo. Hiyo ni hipagrafu kweli, lakini haihitaji algoriti mpya. Kiungo cha namna hiyo kinasema: ukiwa kwenye kituo chochote cha seti, unaweza kwenda kingine chochote cha seti hiyo. Uamuzi wote uko mikononi mwako. Kwa hiyo unaweza kukivunja kuwa grafu ya kawaida na hakuna kinachopotea.

Ukikivunja, angalia namna. Kuunganisha kila kituo na kila kituo kwenye ruti yenye vituo 30 kunazaa jozi 435. Kuongeza nodi moja ya ruti na kuiunganisha na vituo vyake kunazaa viungo 30 tu, na majibu ni yale yale. Ukitafuta safari yenye kubadili basi mara chache zaidi, huhitaji hata Dijkstra. Utafutaji wa ngazi kwa ngazi unatosha. Makala nyingi kuhusu "njia fupi katika hipagrafu" zinaishia hapa, na kwa maoni yangu zinaishia kabla mada haijaanza.

Kiungo ambacho abiria hakichagui mwisho wake

Pale kituoni A, abiria anachagua seti: "nitapanda ruti ya 1 au ya 2, yoyote itakayotangulia." Akishachagua seti, itakayompeleka inaamuliwa na barabara. Hiki ni kiungo chenye mkia mmoja, yaani kituo, na vichwa vingi, yaani mabasi, na safari moja hutumia kichwa kimoja tu kisichojulikana mapema. Hukivunji hiki bila kupoteza maana yake. Chriqui na Robillard walikuwa wameshalitazama tatizo hili la ruti zinazochangia kituo mwaka 1975; Nguyen wa Montréal na Pallottino wa Pisa ndio waliolivisha vazi la hipagrafu mwishoni mwa miaka ya 1980; na makala ya Gallo, Longo, Pallottino na Nguyen ya 1993 ikawa ndiyo msingi ambao wengi huanzia.

Thamani ya kiungo hiki inapatikana hivi. Ruti inayongojwa dakika 6 ina marudio, yaani kasi ya kupita kwa mabasi yake, ya 1/6 kwa dakika. Ukikubali ruti kadhaa, marudio yanajumlishwa, na muda wa kungoja ni 1 ikigawanywa kwa jumla hiyo. Uwezekano wa ruti fulani kutangulia ni sehemu yake katika jumla. Ruti mbili za 1/6 zinatoa 1/3, yaani kungoja dakika 3, nusu kwa nusu.

Ugumu unaojitokeza mara moja ni wingi wa seti. Kituo chenye ruti 10 kina seti 1,023 zisizo tupu, na kila seti ni kiungo. Ukiandika programu inayozizungusha zote, itafanya kazi kwenye kisa chetu na kukwama kwenye mji wowote wa kweli.

Kurudi nyuma kutoka B

Spiess na Florian walianza mwisho wa safari na kurudi nyuma, kwa mpangilio ule ule wa Dijkstra: toa kwenye foleni ya kipaumbele nodi yenye thamani ndogo kuliko zote, ifunge, yaani thamani yake isiguswe tena, endelea. Nodi hapa si vituo pekee. Kuwa ndani ya basi la ruti ya 3 pale Y ni nodi, na kusimama kituoni Y ni nodi nyingine. Lebo ya kila nodi ni wastani wa dakika zilizobaki hadi B.

Kinachotoka kwanza ni 4: ndani ya ruti ya 3 pale Y. Abiria wa kituoni Y akiingoja hiyo pekee atatumia 15 + 4, basi Y inapata lebo ya muda ya 19. Inayofuata ni 8: ndani ya ruti ya 3 pale X. Kituo X kinapata 15 + 8 = 23.

Kisha inatoka 10, yaani ndani ya ruti ya 4 pale Y. Hapa ndipo kanuni yenyewe inapoonekana. Tunauliza: je, 10 ni ndogo kuliko lebo ya sasa ya Y, yaani 19? Ndiyo. Basi ruti ya 4 inakubaliwa, lakini haiifuti ruti ya 3, zinachanganywa. Lebo mpya ni wastani wa lebo ya zamani na muda mpya, kila upande ukipewa uzito wa marudio yake. Ruti ya 4 inapita mara tano zaidi ya ruti ya 3, kwa hiyo: (19 + 5 × 10) / 6 = 11.5. Ukipiga hesabu kwa njia ndefu, kungoja dakika 2.5 na kuongeza wastani wa safari wa dakika 9, utapata 11.5 hiyo hiyo.

Lebo ya Y, 11.5, inafungwa. Aliye ndani ya ruti ya 2 akifika Y atashuka hapo, kwa hiyo akiwa X ndani ya basi hilo amebakiza 6 + 11.5 = 17.5. Aliyesimama kituoni X aliyekuwa na 23 anaikubali ruti ya 2, kwa kuwa 17.5 ni ndogo kuliko 23, na lebo yake inashuka hadi 19.07. Je, aliye ndani ya ruti ya 2 ashuke X akangoje ruti ya 3 ya haraka? 19.07 si ndogo kuliko 17.5. Abaki ndani.

Inabaki A. Ndani ya ruti ya 2 pale A ni 7 + 17.5 = 24.5, kwa hiyo kituo A kinapata kwanza 6 + 24.5 = 30.5. Kisha inatoka 25 ya ruti ya 1. Ni ndogo kuliko 30.5, inakubaliwa, na kwa kuwa marudio ni sawa: (30.5 + 25) / 2 = 27.75.

Dakika 27.75 dhidi ya 31. Hakuna basi lililoongezwa wala barabara iliyopanuliwa. Katika kila abiria 100 wanaoanzia A, 50 watapanda ruti ya 1 na 50 ya 2. Kati ya hao 50 wa pili, pale Y kama 8 watabebwa na ruti ya 3 na 42 na ruti ya 4.

Kuna hila ndogo kwenye hesabu ambayo anayeandika programu hujikwaa nayo. Kabla ya ruti ya kwanza kukubaliwa, kituo kina marudio 0 na lebo isiyo na kikomo, na zao la viwili hivyo halina maana. Spiess na Florian waliamua tu kwamba zao hilo lihesabiwe 1. Ukifanya hivyo, kanuni ya kuchanganya inatoa yenyewe muda wa kungoja ukiongezwa safari, bila kuandika tawi la pekee kwa ruti ya kwanza.

Kwa nini haikwami

Dijkstra inasimama juu ya jambo moja: nodi ikishafungwa, hakuna kitakachokuja baadaye kuiteremsha. Kwenye grafu ya kawaida hilo linatokana na uzito usio hasi. Kwenye hipagrafu mwenye jibu ni mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, aliyeandika mwaka 1977 kwamba algoriti inabaki sahihi ikiwa kanuni inayounganisha vipande, yaani thamani za nodi zilizomo kwenye kiungo, inatimiza masharti mawili. Kipande kikipanda, matokeo yasishuke. Na matokeo yasiwe chini ya kipande chochote kilichoyaunda.

Sasa, wastani unavunja sharti la pili waziwazi. Chukua kituo chenye mabasi mawili, kila moja likingojwa dakika 6, moja la safari ya dakika 5 na jingine la dakika 60. Ukiyakubali yote unapata 3 + 32.5 = 35.5, ambayo iko chini ya 60. Kwa mujibu wa Knuth, kiungo hiki hakifai. Kwa nini basi njia ya Spiess na Florian inatoa jibu sahihi?

Kwa sababu kiungo hicho hakitumiki kamwe. Basi la dakika 5 likiwa peke yake linatoa 11, na 60 haiwezi kuwa chini ya 11, basi la pili linakataliwa. Ruti hukubaliwa pale tu muda wake ulipo chini ya lebo ya sasa, na wastani wa vitu viwili daima huwa katikati yao. Kwa hiyo lebo mpya inabaki juu ya ruti iliyokubaliwa sasa hivi, na juu ya zote zilizotangulia, maana zilitoka kwenye foleni zikiwa ndogo zaidi. Seti mbaya zinavunja sharti, seti bora hazilivunji, na mpangilio wa foleni hautufikishi kwenye zile mbaya. Zile seti 1,023 za kituo cha ruti 10 zimegeuka kuwa maswali 10 ya "je, ni ndogo kuliko lebo?"

Hili ndilo ningependa msomaji alishike. Mtu akikuuliza kama Dijkstra inafaa kwenye hipagrafu yake, mwulize kwanza vipande vinaunganishwaje, kisha mwulize kama matokeo ya chaguo *bora* yanaweza kushuka chini ya kipande. Umbo la hipagrafu lenyewe halikwambii chochote.

Jaribu kubadilisha namba uone kanuni ikiuma. Ruti ya 1 ingekuwa ya dakika 31 badala ya 25, isingekubaliwa, kwa sababu 31 iko juu ya 30.5. Basi linaloenda B moja kwa moja linasimama mbele yako, mlango wazi, na ushauri sahihi ni kuliacha. Ukilikubali kwenye seti, wastani unakuwa 30.75. Vilevile "panda chochote kinachotangulia" kila mahali si mkakati bora: anayeshuka X na kungoja ruti yoyote anaanza safari yake pale A na 28.54, karibu dakika nzima zaidi ya aliyebaki ndani.

Kiungo kinachodai vyote

Kisa chetu ni cha "kimojawapo, hujui kipi". Kuna ndugu yake anayegeuza mishale: mikia mingi, kichwa kimoja, na mikia yote inahitajika. Mmenyuko wa kikemia hauendi mpaka malighafi zote ziwepo. Ukiuliza bidhaa itakuwa tayari lini endapo kazi zinafanyika sambamba, unachukua kipande kinachochelewa zaidi na kuongeza muda wa mmenyuko. Masharti ya Knuth yanatimia, na unachohitaji ni hesabu kwenye kila kiungo ya mikia ambayo bado haijafungwa. Ukiuliza jumla ya gharama ambapo kila kitu kinalipiwa kila kinapotumika, bado uko salama.

Lakini uliza jumla ya gharama ambapo kitu kinachotumika mara mbili kinalipiwa mara moja, kama mtu yeyote mwenye akili zake angetaka, na mlango unafungwa. Tatizo la kufunika seti, yaani kuchagua seti chache kabisa zinazojumuisha vitu vyote, linaingia ndani ya swali hilo, na linakuwa gumu kwa maana ya NP: hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua kila mara. Lebo moja kwa kila nodi haitoshi tena, kwa sababu thamani ya nodi inategemea na nini kingine umeshakilipia. Hipagrafu ni ile ile.

Pale hesabu inapoyumba

Turudi kituoni. Kujumlisha marudio kunadhani mabasi yanafika kiholela, kila dakika ikiwa na nafasi sawa na nyingine. Mabasi yakipita kwa vipindi vilivyo sawa, ruti ya 1 na ya 2 kila baada ya dakika 12 kamili bila kupangwa pamoja, kungoja moja ni wastani wa dakika 6 kama tulivyosema, lakini kungoja itakayotangulia ni dakika 4, si 3. Nilipiga hesabu ya kisa kizima kwa dhana hiyo, nikiacha mkakati ule ule: Y inapanda kutoka 11.5 hadi 12.2, na A inakuwa 29.1. Bado ni pungufu ya 31, ila ile 27.75 ilikuwa na matumaini kidogo. Tena, kwa dhana hii lebo mpya si wastani wa lebo ya zamani na muda mpya, kwa hiyo uthibitisho wa sehemu iliyopita haushiki.

Weka ubao wa kuonyesha mabasi yajayo, na kiungo kinabadilika tena. Ile ruti ya dakika 31 iliyokataliwa inafaa kabisa ukiona basi la ruti ya 2 liko dakika 10 mbali, kwa kuwa 10 + 24.5 ni 34.5. Seti haichaguliwi tena kabla ya kufika; inachaguliwa kwa kutazama ubao.

Kwa miji yetu, kukosa ratiba kunaufanya mtindo huu ukae vizuri kuliko ule unaodai saa kamili ya kila basi. Ramani ya matatu za Nairobi iliyotolewa 2014, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Columbia na MIT, ilitokana na data ya ruti na vituo iliyokusanywa kwa simu ndani ya magari yenyewe. Ongeza makadirio ya marudio na una karibu kila kinachohitajika kuendesha hesabu ya hapo juu.

Kinachokosekana ni nafasi ndani ya gari. Matatu inayoondoka kituo kikuu baada ya kujaa inaweza kupita vituo vinavyofuata bila kumchukua mtu, na kwa abiria wa kati marudio yake halisi yanakaribia sifuri hata kama inapita kila dakika tano. Marudio hapo yanategemea abiria wangapi wameichagua, na waliichagua kwa sababu ya lebo, na lebo zilitokana na marudio. Cominetti na Correa walilichambua duara hili mwaka 2001. Kwa vitendo unaendesha hesabu, unawagawa abiria kwenye ruti kama tulivyowagawa wale 100, unapunguza marudio ya magari yaliyojaa, kisha unaanza tena kutoka B, mpaka mgawanyo wa abiria uache kubadilika.